Umeme wa jua vijijini: Nani mwenye barafu?

Mapema mwaka 2020 mzee mmoja aliingia dukani kwangu Kariakoo akiwa na kiroba begani. Ndani ya kiroba mlikuwa na betri. Alikuwa ametoka nayo kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, akavuka kwa mashua hadi Nyamisati, akapanda gari hadi Mbagala, kisha daladala hadi Msimbazi. Aliitua juu ya kaunta, akanisalimu kwa utulivu, akapumua, ndipo akasema: "Mwanangu, betri yako imekufa."

Nilimjibu kwamba dhamana ilikuwa ya miezi sita na huu ulikuwa mwezi wa nane. Hilo ndilo jibu letu sisi wauza vifaa, tunalo mdomoni kabla mteja hajamaliza kusema. Kisha, kwa kutaka kumpoza, nikamwambia kwamba kama shida ni taa, ningempa betri ndogo kwa bei ya chini na nyumba yake ingewaka kama kawaida. Mzee akanitazama kwa muda. "Taa zinawaka, mwanangu. Mimi sikuja kwako kununua taa. Nilikuja kununua friza."

Ndugu msomaji, nimefanya biashara ya umeme tangu mgawo wa mwaka 2006. Wakati ule mabwawa yalikauka, Dar es Salaam nzima ikawa giza, na mbele ya kila duka hapa Kariakoo palikuwa na kijenereta kinachonguruma na kutoa moshi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiviuza. Baadaye paneli za jua ziliposhuka bei nikahamia huko, na kwa miaka mingi niliamini ninajua ninachouza. Mzee yule ndiye aliyenionyesha kuwa sikujua. Na kwa kuwa wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuna wazazi, shamba au asili mahali ambapo nguzo ya TANESCO haijafika, naona ni haki somo lile nisilifiche.

Tuanze na jambo ambalo mtu wa mjini hulisikia na asiliamini: maskini wa kijijini ndiye anayenunua umeme kwa bei ya juu kuliko wote. Chukua simu ndogo, hii tunayoiita kitochi. Ukiichaji mpaka ijae, pamoja na kinachopotea njiani, inakula kama wati 5 kwa saa moja. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo uniti moja inajaza simu 200. Kijijini mtu analipa shilingi 300 kuchajiwa simu kwenye kibanda. Zidisha mwenyewe: uniti moja imeuzwa kwa shilingi 60,000. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa TANESCO mjini analipa, pamoja na kodi na tozo zote, shilingi 356 kwa uniti hiyo hiyo, na yule wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa 122.

Sisemi mwenye kibanda ni mwizi. Amenunua paneli, amekaa juani, na simu zenyewe ni chache. Ninachosema ni kwamba watu hawa hawakuwa wakingoja msaada wa bure. Walikuwa tayari wanalipa, na wanalipa sana, kwa umeme kidogo sana. Vivyo hivyo kwenye kibatari. Bajeti ya mwaka 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Wachakachuaji walikuwa na malori. Aliyeilipa tofauti ile ni mama aliyekwenda dukani na chupa ya soda kununua robo lita.

Ndipo taa za jua zikaja, na hakika zilikuwa neema. Mtoto anasoma bila kukohoa moshi, na msikiti wa kijiji unapata kipaza sauti. Lakini hapo ndipo akili zetu zilipoganda. Mtu wa mjini akisikia "sola" anaona taa. Akitaka kumkumbuka mama yake kijijini anakuja kwangu kununua taa tatu na redio, analipa, anaondoka na moyo mweupe. Mwaka unaofuata anaendelea kutuma fedha ya chakula kama zamani. Taa haikuingiza kitu. Imepunguza gharama ya mafuta, basi.

Sasa turudi kwa mzee wa delta, maana kisa chake kina uchumi wote ndani yake.

Delta ya Rufiji ni mahali pa kamba na samaki. Kamba akitoka majini ana saa chache tu kabla hajaharibika. Mvuvi asiye na barafu ana njia mbili: amkaushe, na bei ianguke, au amuuze palepale ufukweni kwa mwenye barafu. Mwenye barafu ni mchuuzi aliyekuja nayo kutoka mjini, imejazwa kwenye maboksi na kufunikwa pumba za mbao, nusu imeyeyuka njiani. Yeye anajua kwamba jua linapanda. Mvuvi naye anajua. Hakuna mazungumzo hapo, anayetaja bei ni mmoja. Mara nyingine mchuuzi huyo huyo ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu, na deni linakatwa kwenye kamba. Mzigo ukishafika Feri unauzwa bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo mzee alipokuja kwangu mwaka 2019 na fedha za kuuza mashine ya boti ya marehemu kaka yake, alikuwa anataka kununua saa. Alitaka saa kumi na mbili au siku mbili za kusubiri, ili na yeye siku moja aseme "bei hiyo sitaki". Mimi nikamuuzia paneli mbili za wati 150, betri moja, inveta, na friza ya kawaida, ile ile ninayowauzia watu wa Ilala na Temeke.

Hesabu yake, ambayo ningeweza kuifanya kwa kalamu ndani ya dakika tano kama ningetaka, ni hii. Paneli mbili za wati 150 ni wati 300. Jua zuri la pwani ni kama saa 5 kwa siku, kwa hiyo kwenye karatasi ni uniti moja na nusu. Toa joto, vumbi, waya mwembamba na kinacholiwa na inveta, inabaki kama uniti moja. Friza ile peke yake, ikiwa haina hata samaki mmoja, ilikuwa inakula karibu uniti moja na nusu kwa siku. Ukitia ndani kilo 20 za samaki wenye joto la pwani na kutaka wagande, unahitaji zaidi ya uniti moja nyingine. Tayari tumefilisika kabla ya kufika kwenye betri.

Na betri ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina uniti moja na kidogo ikiwa mpya, lakini ya aina hii ya risasi haitakiwi kutolewa zaidi ya nusu. Isitoshe niliyompa ilikuwa ya gari. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ipumzike. Friza inainyonya polepole usiku kucha mpaka chini, kila usiku. Masika ikaingia, mawingu siku nne mfululizo, ikafa. Kusema kweli ilichelewa kufa.

Mbona sikuifanya hesabu hiyo? Kwa sababu mteja alikuwa na fedha mkononi, mzigo wangu ulikuwa umetoka bandarini kwa mkopo, na bei ya mfumo unaotosha ingemfanya aondoke. Mwenye duka yeyote mtaani kwetu anaijua hali hiyo. Mizani ya kilo ikipunja tunaiona na tunamlaani muuzaji. Mizani ya wati haionekani, na kupunja kwake ni kule kule.

Nilikwenda delta baadaye mwaka ule. Friza nililiona ndani ya nyumba, limefungwa kamba. Mke wa mzee alikuwa amelifanya kabati la unga, maana panya hawaingii. Alinikaribisha vizuri, akanipikia. Laiti angenitukana.

Nilirudi mjini nikaanza kusoma na kuulizia wapi jambo hili limefanikiwa, nikakuta kwamba swali la mzee ni la zamani. Nikakuta pia kwamba waliofaulu mara nyingi hawakugawa paneli nyumba kwa nyumba. Waliweka mtambo mmoja na kusambaza waya kwa kijiji kizima, mtandao mdogo unaojitegemea. Kule Urambo, Tabora, wananchi waliunda ushirika wao wa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaendesha jenereta ya dizeli kwa saa za jioni, kwa bei ya juu kuliko ya TANESCO, na watu wakalipa.

Mfano unaotufaa zaidi sisi watu wa pwani uko Mpeketoni, Lamu, ambako mradi wa umeme wa jamii ulianza mwaka 1994, nao kwa dizeli. Watafiti, akiwemo Mkenya Charles Kirubi, walichapisha mwaka 2009 waliyoyaona huko. Hawakuhesabu taa. Walikwenda kwa mafundi seremala na mafundi cherehani, wakapima kazi ya mtu mmoja kabla na baada ya kupata mashine ya umeme. Kazi iliongezeka kwa kati ya asilimia 100 na 200 kutegemea aina yake, na kipato kikapanda kwa asilimia 20 hadi 70. Angalia tofauti ya namba hizo mbili. Kazi iliongezeka kuliko kipato, kwa sababu vitanda na nguo vikiwa vingi sokoni bei yake inashuka. Faida nyingine ilikwenda kwa mnunuzi, yaani kwa kijiji. Sioni ubaya wowote hapo.

Kwa umeme wa jua wenyewe, kisa kikubwa cha hapa kwetu ni Ukara, kisiwa cha Ukerewe ambacho wengi wetu tulikisikia kwa msiba wa MV Nyerere, Septemba 2018. Miaka miwili kabla ya msiba ule, mwaka 2016, kampuni ya Jumeme iliwasha mtambo wake wa kwanza pale Bwisya: paneli, betri, na jenereta ya akiba, na waya hadi nyumba na maduka. Ghafla kisiwani pakawa na mashine za kusaga zisizohitaji dizeli ya kuvushwa kwa mashua, wachomeleaji, vinyozi, vibanda umiza vya mpira. Baada ya muda kampuni ikagundua jambo ambalo mimi niliambiwa na mzee wa delta bure: matumizi ya taa hayalipi mtambo. Nyumba yenye taa nne inatumia umeme kidogo mno, tena usiku, wakati mchana jua linamwagika bure. Ndipo wakaanza wenyewe kununua sato kwa wavuvi, kuwagandisha kwa umeme wa mchana, na kuwapeleka kwenye masoko ya mijini. Mwenye umeme akawa ndiye mwenye barafu. Hilo lina uzuri wake na hatari yake, na msomaji ataiona hatari hiyo bila mimi kuitaja, maana tumetoka kumjadili mchuuzi wa Rufiji.

Bei ya umeme wa Ukara ndiyo iliyoleta kelele. Uniti moja ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile anayolipa mteja mdogo wa TANESCO. Wananchi walilalamika, na walikuwa na haki. Kwa nini Mtanzania wa kisiwani alipe kupita anacholipa mwenye ghorofa Upanga? Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ishuke ilingane na shilingi 100 ya TANESCO. Watu walishangilia. Wawekezaji wa mitandao kama hii, hapa na kwingineko nchini, wakakunja mikono, kwa sababu kwa bei hiyo fedha ya betri mpya haipatikani, na betri zina umri.

Mimi katika hili nina msimamo wangu, na anayepinga apinge. Shilingi 100 ya TANESCO si bei halisi ya umeme. Nguzo zililipwa na sisi sote, na kila tunaponunua LUKU asilimia 3 inakatwa kwa ajili ya REA. Mtandao mdogo nao ulipata ruzuku fulani, lakini sehemu kubwa ya mtaji ni mkopo, na mkopo unataka kurudi. Ukiamuru bei ishuke bila kumsaidia mwenye mtambo kulipia mtambo, umempa mwanakijiji umeme rahisi wa miaka mitatu na kiza baada ya hapo. Haki ingekuwa fedha ya umma ilipie paneli na waya za Ukara kama ilivyolipia nguzo za Kibaha, kisha ndipo tuibane kampuni kwenye bei. Na kwa mwenye mashine ya kusaga, hata shilingi 1,500 kwa uniti inaweza kuwa nafuu kuliko dizeli. Kwa mwenye taa tu, hata shilingi 500 ni hasara, kwa sababu taa haimrudishii kitu. Kwa hiyo swali la bei haliwezi kutenganishwa na swali la umeme huo unafanya nini.

Utaniambia mambo hayo yamepitwa na wakati, kwani Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024, na Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Bara vimefikiwa. Alhamdulillahi. Lakini kufikiwa kwa kijiji ni nguzo kufika ofisi ya kijiji au shule. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na vingi bado. Na delta ni visiwa na mikoko. Bwawa liko kwenye mto ule ule wa Rufiji, maji yanayozungusha mashine zake ndiyo yanayopita mbele ya mlango wa mzee kwenda baharini, na umeme wake umepanda juu ya nguzo ndefu kuja kwetu.

Nirudi kwa deni langu. Mwaka 2021 tulikaa na watoto wa mzee walio hapa mjini, mmoja kuli bandarini, wawili machinga wa Mtaa wa Kongo. Walikuwa wamepanga kumnunulia baba yao televisheni. Tukakubaliana wasinunue. Mimi nilirudisha thamani ya betri na inveta kwa kutoa paneli, wao wakachanga, na jirani watatu wa mzee wakaingia na hisa ndogo. Tukafunga paneli sita za wati 250 juu ya banda moja lililo karibu na diko. Safari hii hatukuweka friza la dukani. Tuliweka friza mbili za sola zenye kuta nene, zinazotumia umeme wa paneli moja kwa moja bila inveta, na kazi yake kubwa ni mchana: zinagandisha maji. Betri tuliweka ndogo, ya kumalizia usiku tu. Barafu yenyewe ndiyo betri. Jua la saa saba linahifadhiwa kama donge la barafu mpaka alfajiri, na donge halifi kwa kutolewa mpaka chini.

Umeme unaozidi unakwenda kwa waya kwenye nyumba tano, kinyozi mmoja na fundi cherehani. Anayetaka kuiga ajue kwamba sheria ya umeme ya mwaka 2008 haidai leseni kwa mradi ulio chini ya megawati moja, lakini taratibu za usajili zipo, na ni vizuri kubisha hodi EWURA kabla ya kuvuta waya hadi kwa jirani. Ajue pia kwamba ugomvi utakuwepo. Wetu ulianza mwezi wa pili: kinyozi alisema analipa sana, mwenye cherehani akasema friza zinakula zamu yake, na mmoja wa wana hisa akawa anachota barafu ya kunywea soda bila kuandika. Ikabidi pawe na daftari, na daftari akakabidhiwa binti wa mzee aliyemaliza kidato cha nne, kwa kuwa yeye hana boti na hana deni la mtu.

Nisidanganye kwamba delta imebadilika. Friza mbili hazigandishi mzigo wa kijiji. Siku ya bamvua kamba wakiwa wengi, wengi bado wanauzwa ufukweni kwa mchuuzi. Barafu yetu inatosha maboksi machache ya wale wakubwa, daraja la kwanza. Lakini mzee ananiambia kwenye simu kwamba siku hizi mchuuzi akifika anauliza kwanza kama banda limewasha. Likiwa limewasha, anaanzia bei nyingine.

Friza la zamani bado liko ndani, na bado lina unga.